Kutoka Isiolo hadi Loiyangalani kwa Gari: Mwongozo Kamili kwa Wasafiri Wawili

Wengi wanaokwenda Ziwa Turkana hukimbilia maji tu. Wanapita Isiolo gizani, wanalala Marsabit shingo upande, wanafika ziwani hoi, wanapiga picha na kugeuza. Mwongozo huu ni wa watu wawili, mke na mume au wachumba, wanaotaka safari yenyewe: miji ya kandokando ya barabara, kila mmoja na kisa chake, na jangwa linaloiunganisha.

Kabla ya kufungua ramani ya simu, elewa jambo moja. Miji ya kaskazini mwa Kenya haikupangwa kwa kilomita, ilipangwa kwa maji. Archers Post upo kwenye mto Ewaso Ng'iro. Laisamis, Maikona, Kalacha, North Horr na Loiyangalani ilikua palipokuwa na visima au chemchemi. Mifugo ilitangulia, zikafuata kambi za polisi na misheni, maduka, halafu ndipo barabara. Ukipanga vituo vyako kwa kufuata maji, safari inakaa sawa yenyewe. Ukipanga kwa kilomita utajikuta saa saba mchana katikati ya mawe meusi, chakula chenu kimechacha kwenye kontena na hakuna hata mti wa kuegemea.

Njia tutakayofuata ni hii: Nairobi hadi Isiolo, kilomita 280 hivi; Isiolo hadi Marsabit, kilomita 260 hivi; hapo lami mnaiacha na kuvuka jangwa la Chalbi kupitia Maikona, Kalacha na North Horr hadi Loiyangalani; kisha mnarudi lami kwa njia ya Laisamis. Siku nane zinatosha bila kukimbizana. Siku sita zinawezekana, ila mtagombana. Mwenye haraka aende Diani.

Kwanza, chagueni mwezi

Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Epukeni Aprili na Mei, na kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba mapema muulize kwanza hali ya mvua. Sababu ni Chalbi. Zamani sana lilikuwa ziwa, na mvua kubwa ikinyesha hukumbuka asili yake: uwanda wote unageuka tope la chumvi. Gari likizama pale halitoki kwa kusukumwa na watu wawili.

Kama safari itaangukia Ramadhani, jueni kwamba hoteli nyingi za chakula Isiolo, Marsabit na miji ya jangwani hufungwa mchana. Bebeni chakula chenu na mle ndani ya gari kwa staha. Jioni, kwa upande mwingine, ndiyo saa tamu kuliko zote kuwa mjini.

Pili, gari

Hadi Marsabit, na hata hadi Moyale kwenye mpaka wa Ethiopia, gari dogo la kawaida linafika. Lami yote imekamilika tangu katikati ya miaka ya 2010, na watu husahau haraka kwamba kabla ya hapo kipande hicho kilikuwa cha malori na misafara yenye askari wenye bunduki. Mkiwa na gari dogo, fanyeni Isiolo, Marsabit na Moyale, mtafurahi, na sehemu ya Chalbi muiache.

Kwa Chalbi na Loiyangalani mnahitaji gari lililoinuka, linalovuta magurudumu yote manne. Land Cruiser la zamani ni bora kuliko gari jipya la kifahari, kwa sababu fundi wa North Horr analijua na spea zake huenda zipo. Kabla ya kuondoka, fundi wenu akague springi, shoki, mipira ya rejeta, mkanda wa feni na betri. Betri husahaulika, na joto ndilo linaloimaliza.

Magurudumu ndiyo habari kuu. Kati ya North Horr na Loiyangalani kuna mawe ya volkano yenye makali, na yanachana ubavu wa tairi, mahali ambapo pancha haizibiki. Kwa hiyo: spea mbili, si moja. Pampu ya upepo inayotumia umeme wa gari. Jeki imara pamoja na kipande cha mbao cha kuweka chini yake, kwa maana kwenye mchanga jeki huzama badala ya gari kupanda. Koleo. Kamba ya kuvutia. Kifaa cha kupima presha. Na kila mmoja wenu abadilishe gurudumu moja nyumbani, mwenziwe akiwa amekaa pembeni bila kusaidia. Mwanamke asiambiwe kazi hiyo ni ya mwanamume. Kama dereva ameumia au ana homa, nani atalibadilisha?

Tatu, maji, mafuta na pesa

Maji ya kunywa hesabuni lita tano kwa mtu kwa siku, kisha muongeze akiba ya siku mbili ambayo haiguswi. Yawekeni katika mitungi miwili au mitatu, si mmoja. Mtungi ukipasuka msibaki mikono mitupu.

Mafuta: jazeni Isiolo, jazeni tena Marsabit mpaka juu, na bebeni jerikeni za chuma zenye angalau lita 40. Mchanga unakunywa. Gari linalokwenda kilomita kumi kwa lita kwenye lami linaweza kushuka hadi sita au saba. Mbele ya Marsabit mafuta hupatikana, lakini mara nyingi ni ya kumiminwa kutoka kwenye pipa, kwa bei ya mwenye pipa. Mkilazimika kuyanunua, yachujeni kwa kitambaa safi.

M-Pesa inafanya kazi kila penye mtandao, na mtandao upo mijini. Kati ya mji na mji haupo. Bebeni noti za mia na mia mbili, kwani kuomba chenji ya elfu kwa mama anayeuza chai ni kumtesa bure. Pakueni ramani kwenye simu zote mbili mkiwa bado na intaneti.

Nguo: nyepesi, ndefu, zisizobana. Leso mbili, ambazo zitakuwa shuka, kivuli, taulo na pazia la dirisha la gari. Na sweta! Marsabit ni mlima wenye msitu na ukungu, na jioni baridi yake inashangaza watu waliobeba kaptula peke yake.

Nne, usalama na karatasi

Vitambulisho vya taifa au pasipoti muwe navyo mkononi, maana vizuizi vya polisi ni vingi kuanzia Isiolo. Salimieni, zimeni muziki, jibuni mnachoulizwa. Msipige picha kizuizi wala kambi ya jeshi.

Kuhusu hali ya njia, ulizeni watu watatu tofauti katika kila mji: polisi, dereva wa lori aliyetoka upande mnaokwenda, na mwenye lojingi. Wakikubaliana, nendeni. Mmoja akisita, ahirisheni. Wizi wa mifugo na ulipizaji kisasi kati ya jamii huzuka na kutulia, na habari ya mwezi uliopita haina kazi leo.

Usiku hamwendeshi. Hata kwenye lami. Ngamia hupenda kujilaza juu ya lami iliyobaki na joto, na rangi yao usiku ni ile ile ya barabara.

Isiolo na Archers Post

Njia ya Nairobi hadi Isiolo kupitia Nanyuki inajulikana. Fanyeni manunuzi makubwa Nanyuki, kisha mteremke kutoka Timau huku nchi ikibadilika rangi mbele yenu, kutoka kijani hadi kahawia.

Isiolo wengi huuona kama kituo cha petroli. Kaeni nusu siku. Wakati wa ukoloni hapa palikuwa mlango wa Northern Frontier District, eneo lililofungwa ambalo hukuingia bila kibali. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali iliwapa makazi hapa askari wa Kisomali waliotumikia jeshi la Uingereza, na wajukuu wao bado ni sehemu ya mji. Uhuru nao haukuleta nafuu papo hapo: hali ya hatari iliyotangazwa kaskazini Desemba 1963 iliondolewa 1991. Ndiyo maana msishangae huko mbele mzee akiwauliza, kwa utani wenye mwiba, Kenya mmeiachaje, kana kwamba kaskazini si Kenya. Cheka naye, na ujue haongei upuuzi.

Chakula cha Isiolo: ombeni nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa hadi ikakauka, kisha kuhifadhiwa kwenye mafuta. Nunueni kopo zima. Haiozi haraka, haihitaji friji, na pamoja na chapati ni chakula cha jangwani kisichoshindwa na mkebe wowote wa dukani.

Archers Post, kilomita 35 hivi mbele, umepewa jina la Geoffrey Archer, ofisa wa kikoloni. Hapa ndipo mnapoingilia hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Karibu na mji kuna Umoja, kijiji kilichoanzishwa na wanawake wa Kisamburu mwaka 1990. Mnakaribishwa kwa kiingilio, na shanga zao nunueni pale pale kwao. Onyo moja: eneo hili limetumiwa na jeshi la Uingereza kwa mazoezi kwa miaka mingi, na mabomu yaliyoachwa yameua na kulemaza wachungaji. Mwaka 2002 Uingereza ililipa fidia ya pauni milioni 4.5. Msiokote chuma chochote porini, hata kiwe kizuri namna gani.

Kutoka hapo barabara inaelekea mlima Ololokwe, ule uliokatwa juu kama meza. Kuupanda ni kazi ya asubuhi nzima na kiongozi wa Kisamburu. Kama miguu ya mmoja wenu haipendi milima, utazameni kutoka barabarani tu, hakuna deni.

Marsabit: laleni siku mbili

Merille na Laisamis zipiteni polepole. Simameni Laisamis kwa chai, na kama yapo maziwa ya ngamia, chai iwe ya hayo. Mtaonja moshi. Vyombo vya maziwa husafishwa kwa kufukizwa moshi wa kuni maalumu, na ladha hiyo inabaki. Mmoja wenu ataipenda, mwingine atakunywa kwa adabu. Hivyo ndivyo inavyokuwa karibu kila mara.

Halafu jangwa la Kaisut, kisha ghafla barabara inapanda na hewa inapoa. Marsabit ni volkano iliyozimika, yenye mashimo makubwa wanayoyaita gof. Mkiwa na saa moja tu, nendeni Gof Redo kando ya barabara ya Moyale. Ndani ya hifadhi kuna Lake Paradise, ambako Martin na Osa Johnson, mke na mume kutoka Marekani, waliishi miaka ya 1920 wakipiga picha za wanyama. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen, basi lipeni mkiwa mjini palipo na mtandao wa uhakika. Wazee bado wanamtaja Ahmed, ndovu wa pembe ndefu aliyewekewa walinzi wenye silaha kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970. Alikufa 1974, na sanamu yake iko Makumbusho ya Nairobi.

Lakini mimi kwa Marsabit nawatuma visimani, Ulanula, wakati wa kiangazi. Visima ni virefu na mtu mmoja hawezi kufikisha ndoo juu. Wanaume hujipanga ndani yake, mmoja juu ya mwenzake, miguu imekita kwenye kuta, na ndoo hupanda mkono kwa mkono kwa mapigo ya wimbo hadi kwenye birika la udongo ambako ng'ombe wamesubiri kwa zamu. Wimbo ndio unaoshika kasi ya mikono. Nendeni na kijana wa mjini, ombeni ruhusa kwa mwenye kisima kabla kamera haijatoka mfukoni, na mkubaliane malipo mapema. Mvua ikiwa imenyesha msijisumbue, mifugo inakunywa kwenye madimbwi na hakuna anayeimba.

Marsabit pia ndipo mnapotafuta kiongozi wa Chalbi. Awe Mgabra, yaani wa jamii ya wafugaji wa Chalbi, awe amependekezwa na lojingi au ofisi ya kaunti, na akae kiti cha mbele. Najua, safari ya wawili inageuka ya watatu. Kubalini. Njia za Chalbi ni nyingi, zinaachana na kukutana tena, na ramani ya simu haijui ipi ilisombwa na maji mwezi uliopita.

Chalbi: Maikona, Kalacha, North Horr

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Saa tano muwe mmefika kivulini, na hapo mkae hadi saa kumi. Huu ndio utaratibu wa watu wa huko na si uvivu. Mchana joto hupita nyuzi 35 bila shida, na upepo haupozi kitu.

Mkiingia mchangani punguzeni presha ya magurudumu hadi paundi 22 hivi, na mkirudi kwenye mawe irudisheni juu. Watu huona uvivu wa kurudisha. Tairi laini kwenye mawe ya volkano ni tairi lililokwisha.

Juu ya uwanda wenyewe wa chumvi mambo ni mepesi kuliko mnavyodhani, na hapo ndipo hatari ilipo. Ardhi ni tambarare, nyeupe, ngumu, na mguu unataka kukanyaga mafuta. Fuateni alama za magari zilizopo. Palipo na rangi nyeusi au mng'ao wa unyevu pazungukeni kwa mbali, kwa sababu ganda la juu linaweza kuwa kavu na chini yake ni tope. Mbele mtaona ziwa la bluu na miti. Ni mazigazi, yatasogea mbali kila mkisogea.

Maikona ni kusimama, kunywa kitu cha baridi kama kipo, na kuendelea. Kalacha ndipo pa kulala: kuna chemchemi, kuna mikoma, na jioni ngamia huja kunywa. Nyumba za Wagabra ni za fito na mikeka, na zinabomolewa na kupakiwa juu ya ngamia siku ya kuhama. Kama mna hema, lifungeni upande wa kikingo cha upepo na muweke mawe makubwa kwenye kamba. Vigingi peke yake havishiki mchangani.

North Horr inafuata, mji wa mchanga mtupu wenye misheni, maduka na maji. Mpenda ndege aamke mapema, maana firigogo huja kunywa asubuhi kwa makundi makubwa ajabu. Wengine wote wanaweza kuendelea kulala.

Kanuni chache za watu wawili

Badilishaneni usukani kila baada ya saa mbili, hata kama mmoja anadai hajachoka. Asiyeendesha ndiye mwenye ramani, maji na neno la mwisho juu ya njia panda. Dereva hana kura hapo. Pancha ikitokea, kunyweni maji kwanza, wote wawili, ndipo mfungue buti. Ugomvi mwingi wa jangwani ni kiu tu. Mapenzi ya hadharani, kukumbatiana na kubusiana, yaacheni ndani ya chumba. Miji hii ni ya Waislamu na ya wafugaji wenye heshima zao, na kushikana mikono sokoni kutatosha kuwafanya watoto wawafuate mtaa mzima.

Loiyangalani na kurudi

Kutoka North Horr kupitia kijiji cha Gas ni mawe, mawe, halafu ziwa. Turkana ndilo ziwa kubwa zaidi la jangwani duniani lenye maji ya kudumu, na hifadhi zake zipo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1997. Msiogeleeni ovyo, mamba wapo. Loiyangalani yenyewe ni chemchemi na mikoma katikati ya ukame. Ombeni chumba kilicho nyuma ya ukuta au miti: upepo unaopita kati ya milima huvuma kwa nguvu hasa kuanzia usiku hadi asubuhi. Tembeleeni jumba la makumbusho ya jangwa juu ya kilima, kisha Layeni, kijiji cha Waelmolo, moja ya jamii ndogo kabisa nchini. Kijiji chao kingine, Komote, kimezungukwa na maji tangu ziwa lilipopanda miaka ya karibuni, na sasa mnafika kwa mashua. Malipo yapangwe na viongozi wa kijiji kabla ya kuingia. Msigawe pesa mkononi kwa kila mtoto.

Kurudi, kipande cha kwanza kusini ni mawe na miteremko, gia ndogo na subira. Kisha mnakuta mashamba ya upepo ya Lake Turkana Wind Power, mitambo 365, megawati 310. Kwa ajili ya kuisafirisha mitambo hiyo ilitengenezwa upya barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis, na ndiyo mtakayorudi nayo, kupitia bonde la kijani la South Horr. Ni changarawe, pana, lakini malori yamechimba mawimbi. Kilomita 50 kwa saa zinatosha.

Wapo watakaowashauri mpite Baragoi hadi Maralal, mkaone nyumba aliyozuiliwa Jomo Kenyatta mwaka 1961 kabla ya kuachiwa. Nyumba inastahili kuonwa. Ila karibu na Baragoi, Novemba 2012, zaidi ya polisi 40 waliuawa wakifuata mifugo iliyoibwa, na eneo hilo halijawa la kutabirika. Maralal ifikeni siku nyingine kwa njia ya Rumuruti.

Mkifika Isiolo, kabla ya kuoga nyinyi wenyewe, lipelekeni gari kuoshwa chini kwa maji ya kasi. Chumvi ya Chalbi hukaa kwenye chesisi na mabomba ya breki, na wiki mbili baadaye kutu imeanza. Mwambieni kijana wa kuosha aingie chini kabisa, mwongezeeni shilingi mia, kisha fundi akaze nati zote za magurudumu kabla hamjapanda Timau.